Apatimenti 48 juu ya mtaa wetu: tuisomeje michoro ya usawazishaji wa kiwanja na maji ya mvua?

Mwalimu wa Mteremkoni (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, ulioko kwenye vilima vya upande wa Goba, Dar es Salaam. Mwekezaji amenunua viwanja viwili vilivyo juu yetu, ameviunganisha kuwa kimoja chenye mita za mraba 4,000, na anakusudia kujenga majengo matatu ya ghorofa nne yatakayokuwa na apatimenti 48. Tathmini ya athari kwa mazingira inaendelea, na mshauri wake ameacha nakala ya michoro ofisini kwa mtendaji ili tuipitie kabla ya mkutano wa wadau utakaofanyika baada ya wiki mbili. Michoro ya majengo yenyewe haikutusumbua. Zilizotushinda ni karatasi mbili za mwisho, moja ya usawazishaji wa kiwanja na nyingine ya maji ya mvua, ingawa mimi nafundisha jiografia na kontua, ile mistari ya mwinuko, hazinitishi.

Kiwanja kina urefu wa mita 80 kufuata mteremko na upana wa mita 50. Mwinuko wa mpaka wa juu umeandikwa 87.40 na wa mpaka wa chini 81.00. Wanataka kukata udongo upande wa juu na kujaza upande wa chini mpaka wapate uwanda mmoja wa 84.50, kwa hiyo nyuma ya majirani wa chini kutasimama ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita tatu na nusu. Maji ya paa na ya maegesho yanapelekwa kwenye tangi la zege la chini ya ardhi lenye mita za ujazo 60, kisha yanatoka kwa bomba la mm 225 hadi kwenye kile ambacho mchoro unakiita "mtaro uliopo", kando ya barabara ya chini.

Ripoti ya mahesabu ina kurasa sita. Inasema kwamba mvua ya miaka 10 ya muda wa dakika 15 ina ukali wa mm 100 kwa saa, kwamba kiwanja kikiwa bado na majani na miembe kinatoa lita 33 kwa sekunde, na kwamba kikishajengwa kitatoa lita 94. Tangi, wanasema, litazuia hiyo tofauti, na hivyo mradi hautaongeza maji mtaani.

Jumamosi iliyopita, mvua ilipokatika asubuhi, nilivaa mabuti nikatoka na mjumbe kuufuata huo mtaro. Upo kweli mbele ya kiwanja, wa zege, upana sm 60 na kina sm 60, lakini mchanga umejaa mpaka katikati. Mita kama 70 mbele unaingia kwenye kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, nasi tulipoinama kuchungulia upande wa pili tuliona upenyo wa mwanga mwembamba kama mwezi mwandamo, kwa kuwa vifuu vya nazi, mifuko na mchanga vimeziba sehemu kubwa. Baada ya kalavati hakuna mtaro tena. Maji yanashika njia ya miguu, yanapita kati ya nyumba nne na kumalizikia korongoni, na katika moja ya nyumba hizo bibi mmoja ameweka viroba vya mchanga mlangoni ambavyo, kwa maneno yake, haviondoi tangu vuli iliyopita.

Naomba mnisaidie: mtu asiye mhandisi anapopitia karatasi hizi aanzie wapi, na aulize maswali gani ambayo mshauri hatayajibu kwa maneno ya jumla tu?

Mhandisi mstaafu, mitaro na barabara

Mwalimu, salaam. Nimepitia michoro ya namna hii kwa miaka mingi mezani pangu manispaa, na jambo la kwanza nililokuwa nikiwafundisha vijana ni kwamba mchoro wa maji ya mvua husomwa kuanzia mwisho. Mchoraji huanzia kwenye paa, akashuka kwenye chemba, akafika kwenye tangi, na anapofika kwenye mpaka wa kiwanja huwa amechoka, kwa hiyo anachora mshale mmoja na kuandika "mtaro uliopo". Mkaguzi anapaswa kuanzia kwenye mshale huo na kupanda kuelekea juu. Wewe umeshafanya hivyo kwa mabuti, na kwa kweli umemtangulia mshauri.

Tuupime basi huo mtaro. Mtaro wa zege wa sm 60 kwa sm 60, ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 200, hubeba takriban lita 580 kwa sekunde ukiwa safi na umejaa hadi ukingoni. Ukijaa mchanga hadi nusu haubaki na nusu ya uwezo, maana nafasi inapungua na mwendo wa maji nao unapungua. Hubaki na lita kama 240. Mteremko halisi wa barabara yenu siujui, kwa hiyo mwombeni mshauri aupime na arudie hesabu hiyo kwa hali ya mtaro wa leo, siyo ya siku ulipojengwa. Kisha aandike maji yanakwenda wapi baada ya kalavati, mita kwa mita, mpaka korongoni. Ikiwa mradi unataka kumwaga maji kwenye mtaro wa barabara, ruhusa ya mwenye barabara inahitajika, na kwa barabara za mitaa huyo ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao wameshika kazi hiyo tangu mwaka 2017. Ombeni kuiona barua yenyewe, si ahadi kwamba itaombwa.

Sasa tupande hadi kwenye mahesabu. Kwa eneo dogo kama hili kanuni inayotumika ni nyepesi, na mwalimu wa jiografia anaweza kuirudia kwa kikokotoo cha simu: zidisha kigezo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) kwa ukali wa mvua wa mm kwa saa, zidisha tena kwa eneo la hekta, kisha gawanya kwa 360. Kiwanja chenu ni hekta 0.4. Kwa majani na miembe kigezo cha 0.3 kinatoa mita za ujazo 0.033 kwa sekunde, yaani lita 33. Kwa mapaa na pevingi (sakafu ya nje ya matofali) kigezo cha 0.85 kinatoa lita 94. Hesabu yao hapo ni sahihi, na nawasifu kwa uaminifu wa hiyo 0.3, kwa sababu nimeona ripoti zinazodai kwamba shamba la majani lilikuwa tayari linatoa maji kama uwanja wa lami, ili tofauti ionekane ndogo.

Kasoro iko kwenye muda. Walichukua mvua ya dakika 15, na tofauti ya lita 61 kwa sekunde ikizidishwa kwa sekunde 900 inatoa mita za ujazo 55, ndiyo maana wakachagua tangi la 60. Lakini mvua fupi na kali ndiyo inayotoa mtiririko mkubwa; si lazima iwe ndiyo inayojaza tangi kuliko zote. Tuseme jedwali lao la mvua linatoa mm 80 kwa saa kwa mvua ya nusu saa, na mm 60 kwa mvua ya saa nzima. Ile ya nusu saa itahitaji mita za ujazo 76, na ile ya saa nzima 84, ingawa ina ukali mdogo zaidi, kwa sababu maji yanaendelea kuingia tangini kwa kasi kuliko yanavyotoka, na kwa muda mrefu zaidi. Mwambieni mshauri aweke jedwali la vipindi vyote, kuanzia dakika 10 hadi saa 3, na achague ujazo mkubwa kuliko yote. Ni kazi ya nusu saa tu.

Lililonishtua ni bomba la mm 225. Tangi la namna hii hufanya kazi kwa kubana maji yanapotoka. Ikiwa kina cha maji juu ya bomba ni kama mita 1.2, tundu linaloruhusu lita 33 tu kwa sekunde lina kipenyo cha mm 120 hivi. Tundu la mm 225 kwa kina hichohicho linaweza kutoa zaidi ya lita 110, wakati yanayoingia ni 94. Maana yake, Mwalimu, ni kwamba tangi hilo halitajaa hata siku moja katika mvua waliyoisanifia. Maji yataingia na kutoka, na majirani watapokea karibu lita zilezile 94, huku tangi la mamilioni likiwa limekaa chini ya maegesho kama pambo. Bomba la mm 225 lenyewe linaweza kubaki, kwani bomba jembamba huziba. Kinachotakiwa ni sahani yenye tundu dogo mbele yake ndani ya chemba, pamoja na wavu wa kuzuia takataka, na kizingiti cha kumwagia maji yanapozidi. Kama vitu hivyo vitatu havimo kwenye karatasi, hamna tangi la kuzuia maji.

Neno moja kuhusu "mvua ya miaka 10", kwa kuwa wananchi hudhani ikishanyesha itapumzika miaka tisa. Ni mvua yenye uwezekano wa moja kwa kumi kila mwaka, na ndani ya miaka kumi uwezekano wa kuiona walau mara moja unafika asilimia 65. Kwa hiyo ulizeni pia mvua iliyo kubwa kuliko hiyo itapita wapi. Tangi likijaa kwenye uwanda ulioinuliwa mita tatu na nusu, na kizingiti kikielekea nyuma, maji yataanguka juu ya ukuta hadi kwenye ua wa jirani. Njia ya maji ya dharura inapaswa kuelekezwa barabarani, na ichorwe kwa mishale kwenye karatasi ya usawazishaji, kwa sababu ni miinuko ya ardhi inayoitengeneza. Mabomba wakati huo yameshazidiwa.

Mpima ardhi wa Kibamba

Mzee amemaliza mengi. Mimi naongeza la vipimo, maana mahesabu mazuri juu ya miinuko ya kubuni hayamsaidii mtu.

Mwalimu, angalia kontua za ardhi iliyopo zinaishia wapi. Nina hakika zinaishia kwenye mpaka wa kiwanja, kama zinavyofanya kwenye nusu ya michoro ninayoletewa, kana kwamba mlima nao umepimwa na kuwekewa bikoni. Kiwanja chenu kiko katikati ya mteremko, hivyo kuna maji yanayotoka juu yake na kupita ndani yake, pengine kwenye kijibonde ambacho leo ni njia ya mbuzi. Siku mwekezaji atakapojenga fensi ya tofali na kukata udongo karibu mita tatu upande wa juu, maji hayo yatagonga ukuta na kutafuta mahali pengine pa kupita, na mahali hapo patakuwa nyumba ya mtu.

Tukitumia kanuni ya Mzee, tuseme juu ya kiwanja kuna hekta moja na nusu yenye nyumba zilizotawanyika, kigezo kiwe 0.5, mvua ileile ya mm 100. Zinatoka lita 208 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya maji ya kiwanja chenyewe kikiwa kimejengwa chote! Jumlisha na lita 33 ambazo tangi linaruhusiwa kutoa, unapata 241, ambazo mtaro wenu wenye mchanga nusu hauwezi kuzibeba hata kabla barabara yenyewe haijatoa tone. Ombeni vipimo vya mwinuko viendelezwe nje ya kiwanja hadi kwenye mgongo wa kilima, na mtaro wa kukinga maji uchorwe kando ya mpaka wa juu, wenye ukubwa uliohesabiwa na njia ya wazi ya kushukia.

Pili, ulizeni benchimaki, yaani alama ya kuanzia kupima miinuko, iko wapi. Kama wamejichagulia mwinuko wa kudhaniwa si kosa, mradi waoneshe alama ya kudumu ambayo mtu mwingine anaweza kuikuta na kupima tena. Mwaka juzi niliitwa kwenye jengo fulani la kupangisha ambalo geti lake lilikuwa chini ya barabara kwa sm 20, kwa kuwa msanifu alitumia mwinuko mmoja na mkandarasi wa barabara mwingine. Mlinzi alikuwa na jaketi la mvua, ndoo na fagio la chelewa, na kila mvua ilipoanza alijua zamu yake imebadilika. Hapo kwenu somoni mwinuko wa geti, mwinuko wa ukingo wa barabara, na ulizeni kama barabara ya vumbi ikija kuwekwa lami itapanda kiasi gani.

Tatu, shikeni penseli mfuate kila mshale wa maji kwenye maegesho na kulinganisha namba mbili zilizo kwenye ncha zake. Kwenye pevingi mteremko usipungue asilimia moja, na kuzunguka majengo ardhi ishuke kuondoka ukutani kwa asilimia mbili au zaidi. Mkikuta mshale unaotoka kwenye namba ndogo kwenda kwenye namba kubwa msicheke, maana upo kwenye michoro mingi kuliko mnavyodhani.

Mjenzi wa nyumba za kupangisha

Naomba nitofautiane na wenzangu kidogo, kwa heshima. Nimejenga apatimenti mara mbili hapa Dar es Salaam, na kila mara majirani walinitaka nitatue matatizo ya mtaa mzima kwa mfuko wangu. Mtaro ulioziba haukuzibwa na mwekezaji huyu. Maji ya hekta moja na nusu ya juu yake si ya kwake. Ni ya wenye nyumba wa juu, ambao hakuna hata mmoja aliyetakiwa kujenga tangi. Mkimdai mtu ajenge mtaro hadi korongoni gharama itaingia kwenye kodi ya pango, na mwishowe mtalalamika kwamba nyumba ni ghali. Kwa nini asichimbe tu mashimo ya kunyonya maji ndani ya kiwanja, kama tunavyofanya wengi?

Mhandisi mstaafu, mitaro na barabara

Ndugu Mjenzi, hoja yako ina haki ndani yake. Maji yanayotoka juu si mali ya mwekezaji, na sijasema ayapunguze. Ninachosema ni kwamba asiyazuie wala kuyahamisha. Yaliingia kwenye kiwanja mahali fulani na kutoka mahali fulani, nayo yaendelee kutoka hapohapo, kwa kasi isiyozidi ya zamani. Kuusafisha mtaro wa zamani ni kazi ya mamlaka, na kamati inapaswa kuwaandikia TARURA kwa barua ya peke yake, bila kuichanganya na ya mradi. Lakini kumwaga maji kwa bomba mahali ambapo mtaro unakwisha hewani ni jambo ambalo mradi unalianzisha, na hapo mwekezaji ana neno la kujibu: ama achangie kipande kinachokosekana, ama apunguze anachotoa.

Kuhusu mashimo ya kunyonya maji, yanafaa kwenye mchanga wa asili usio na maji ya chini yaliyo karibu, na yapimwe kwanza kwa kuchimba shimo, kulijaza maji na kuangalia saa linavyokauka. Hayafai kabisa kwenye udongo wa kujaza nyuma ya ukuta wa mita tatu na nusu. Udongo ukishiba maji unakuwa mzito na unasukuma, na maji yenyewe yanasukuma zaidi. Kwa upande wa juu, uliokatwa, huenda yakafaa. Ila yasiwekwe karibu na shimo la maji taka, na mabomba ya mvua yasiunganishwe kamwe na mfumo wa choo. Sote tunajua desturi ya mjini ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Mfumo uliochanganywa hufanya hivyo wenyewe, bila kusubiri mtu afungue.

Fomeni, miaka 22 kwenye saiti

Mimi sina mahesabu, ila nina la ukuta na la ratiba.

Ukuta wa kuzuia udongo nimeuona ukilala. Ilikuwa saiti moja, wakati wa masika, ukuta wa mawe wa mita tatu uliojengwa vizuri tu kwa macho, lakini mwenye mali hakutaka matundu ya kutolea maji kwa kuwa aliona yatachafua rangi. Tulisikia kwanza mlio kama wa ubao unaopasuka, kisha tukaona ufa mlalo kwenye theluthi ya chini, unene wa kuingia sarafu. Asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa umeinama na ulikuwa ukivuja tope. Tuliwahamisha majirani siku hiyohiyo, na bahati ilikuwa yetu. Kwa hiyo kwenye mchoro wa ukuta tafuteni matundu, tafuteni kokoto nyuma yake pamoja na bomba lenye vitundu chini kabisa, na tafuteni maandishi yanayosema udongo ushindiliwe kwa tabaka nyembamba na kila tabaka lipimwe. Kama imeandikwa "jaza kifusi" basi, rudisheni karatasi.

La ratiba ni hili. Mchoro unaonesha kiwanja kikiwa kimekwisha, na bustani, na pevingi. Lakini kuna mwaka mzima ambapo kiwanja kitakuwa udongo mtupu uliochimbuliwa, na wakandarasi wengi huchimba wakati wowote pesa ikipatikana. Udongo wa kilima uliokatwa Februari unakuwa kwenye mtaro wenu Aprili. Dai mtaro wa kukinga wa juu na shimo la kutuamisha mchanga vijengwe kwanza kabla ya tingatinga kushuka kwenye lori, na kazi kubwa ya kukata na kujaza ianze baada ya masika, Juni, iwe imekwisha na kushindiliwa kabla ya vuli ya Oktoba. Ikiandikwa kwenye masharti ya kibali mkandarasi ataifuata. Ikisemwa mkutanoni tu, itaishia hapo mkutanoni.

Mwalimu wa Mteremkoni

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawashukuru. Mkutano ulifanyika jana, na nadhani ni haki niwape matokeo.

Nilifuata ushauri wa kuanzia mwisho. Usiku wa kuamkia mkutano nilichora upya njia ya maji kwenye karatasi ya manila, kutoka bomba la mm 225 hadi korongoni, nikaandika vipimo nilivyopima kwa futi ya fundi: mtaro wa sm 60, mchanga sm 31, kalavati, kisha njia ya miguu yenye upana wa mita 1.4 kati ya nyumba mbili. Niliibandika ukutani kabla mshauri hajafungua kompyuta yake. Alikuwa mwungwana. Alisimama akaiangalia kwa muda, akauliza kama anaweza kuipiga picha.

Kwenye suala la bomba, mhandisi wao kijana alipiga hesabu palepale na kukiri kwamba tundu la kubana maji lilisahaulika, kwa kuwa ukubwa wa bomba ulichukuliwa kutoka kwenye karatasi ya maji taka. Watachora chemba ya kubana yenye tundu la mm 120, wavu na kizingiti kinachoelekea getini. Jedwali la vipindi vya mvua walikuwa nalo kwenye kiambatisho. Hawakulitumia tu, na walipolitumia tangi lilipanda kutoka mita za ujazo 60 hadi 90. Kontua zilikuwa zimeishia kwenye mpaka, kama Mpima wa Kibamba alivyotabiri. Timu ya upimaji itarudi wiki ijayo kupima hadi mgongoni mwa kilima, na wameomba mjumbe awatembeze kwenye kijibonde cha mbuzi, ambacho kweli kipo, tena kinapita hasa mahali palipopangwa jengo la pili.

Niliuliza pia kuhusu mita 60 za kando ya korongo ambazo hazitakiwi kuwa na shughuli za kudumu, kwa mujibu wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa alinikumbusha. Kiwanja chenyewe kiko nje ya mita hizo. Kipande cha mtaro kinachokosekana ndicho kitakachoingia ndani yake, kwa hiyo mshauri amesema atakiandika kwenye ripoti ya tathmini inayokwenda NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ili kijadiliwe huko pamoja na njia ya kutuliza kasi ya maji kabla hayajamwagikia korongoni.

Ambalo hatukukubaliana ni nani atakayelisafisha tangi apatimenti zikishauzwa moja moja na mwekezaji akaondoka. Mwanasheria wake alisema ni chama cha wamiliki, ambacho bado hakijaundwa, na sisi tukataka iandikwe kwenye mikataba ya mauzo kwamba wavu wa tangi usafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na kwamba ufunguo mmoja wa kifuniko cha chemba ukae ofisini kwa mtendaji. La ufunguo waliandika kwamba watalifikiria. Tumepewa siku kumi na nne kuleta maoni kwa maandishi, na kama kuna mtu humu aliyewahi kuona kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wa apatimenti, naomba anielekeze kilivyoandikwa.